Udongo Ulioshiba

Siku ya kuniaga mlinipa keki na blanketi, na mmoja wenu akasimama akasema Mama Mwende ameosha maji miaka yote hii bila kulalamika. Uongo mtupu. Nimelalamika kila siku ya Mungu, mpaka mapipa yenyewe yanaijua sauti yangu. Lakini kwa vile mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi, nyinyi mnaobaki hapo yadi, nimekaa chini nikaandika. Vyeo sitavitaja kwa sababu nilikuwa nacho kimoja tu tangu mwanzo hadi mwisho, na mshahara tuuache ulale ulipolala.

Nilitoka Kitui na mtoto mgongoni, Mwende mwenyewe, dada yangu akanipokea kwake Kibera, pale Mashimoni, na Mashimoni ndiko nimekaa mpaka leo. Kazi niliipata Kawangware, huku Gatina, kwa Mzee Karanja. Watu waliiita kiwanda, lakini ilikuwa yadi yenye paa la mabati ambamo betri kuukuu za magari zilipasuliwa, pleti zake zikaoshwa, zilizo hai zikarudi kazini na zilizokufa zikayeyushwa. Mzee Karanja alikuwa mwenyeji hasa, wa wale ambao baba zao walilima mahindi hapo kabla nyumba za kupangisha hazijaota. Alikuwa mkali, na chai yake ilikuwa maji ya moto yaliyoonyeshwa majani. Lakini alikuwa na woga mmoja ulioniletea ugali: aliogopa mto. Nyuma ya yadi kulipita mto, kando ya mto akina mama walipanda sukuma wiki, na sukuma hizo mke wake mwenyewe alizinunua. Ndiyo maana aliajiri watu wa kuyasafisha maji kabla hayajatoka nje.

Mtu wa kwanza alikuwa Wafula. Alikuwa amestaafu kutoka maabara ya chuo fulani, Mluhya mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, asiyeweza kupita karibu na kitu bila kukinusa. Wa pili nikawa mimi. Siku yangu ya kwanza alinipa mwiko, akanionyesha rundo la udongo wa kufinyangia, akasema tutausafishia maji. Nilidhani ananitania. Kwetu Kitui tunachimba mchanga wa mto mpaka kiunoni ili tupate maji yasiyo na matope, halafu leo nimepanda gari hadi Nairobi kuyatia matope! Nilirudi nyumbani nikamwambia dada yangu kwamba nimeajiriwa na wendawazimu, lakini wanalipa Jumamosi.

Kazi yenyewe mnaijua, lakini wacha niiseme kama nilivyoambiwa, maana siku hizi mnaruka hatua. Maji yaliyooshea pleti yana asidi, na ndani ya asidi kuna risasi. Nasema madini, si ile ya bunduki. Kwanza unatia chokaa, kidogo kidogo, mpaka karatasi ya kupimia iache kuwa nyekundu. Hapo risasi nyingi inazama yenyewe. Inayobaki ndiyo yenye ujanja: haionekani, haina harufu, na ndiyo inayofika kwenye sukuma. Hiyo ndiyo kazi ya udongo. Unaanikwa, unatwangwa, unachekechwa, unalowekwa, ndipo unatiwa kwenye pipa. Unakoroga kwa mwiko mrefu kama wa ugali wa harusi, unaacha utuame hadi kesho. Asubuhi unateka maji ya juu polepole, bila papara, na chini kunabaki udongo ulioshiba. Hivyo ndivyo Wafula alivyouita. Udongo mbichi una njaa, alisema, huu umeshiba.

Ulioshiba tuliuchota, tukautandaza juu ya mabati juani. Ukiwa bado laini tuliukata kwa waya vipande vya ukubwa wa kidole gumba, ukauke upesi. Vikikauka tulivitia kwenye magunia kungojea saruji. Saruji ikija tunavunjavunja, tunachanganya, tunamwaga vibao vizito vya kutandika yadi, na risasi inabaki humo.

Ulikuwa bado mwaka wangu wa kwanza Wafula aliponifundisha jambo ambalo sikulisahau. Alichukua kipande kilichoshiba akakitia kwenye glasi ya maji safi. Kesho yake akadondosha dawa yake ya kupimia, maji yakabaki vilevile. Nikafurahi. Akachukua glasi nyingine na kipande kingine, akaongeza asidi kidogo tu ya betri. Dawa ilipodondoka, maji yaligeuka manjano kama kiini cha yai. Akaniambia udongo unashika, lakini asidi ikiingia unaachia. Kisha akaniuliza ni wapi pengine kuna asidi mbali na betri. Nikasema sijui. Akajipigapiga tumboni. Sasa mnajua kwa nini nilikuwa nawatukana mkila mandazi na mikono ya vumbi.

Mengine ya miaka ile ni ya kawaida. Kulikuwa na pipa lililotoboka, na fundi aliyejimwagia asidi kwenye suruali akatembea Gatina mchana kweupe akiwa amejifunga gunia. Wacha nifike kwenye lile lililonizeesha.

Mwaka ule wa uchaguzi, elfu mbili na saba, tulifunga Krismasi na magunia ya udongo ulioshiba yamejaa stoo, kwa sababu saruji ilichelewa. Tukapiga kura, tukangoja. Matokeo yalipotangazwa, nilikuwa nyumbani Mashimoni, na kabla mtangazaji hajamaliza, Kibera ilikuwa imeshaanza kulia. Sitawasimulia moshi, wala vilio, wala nyumba zilizobaki mabati matupu. Wengine wenu mlikuwa watoto, lakini mlikuwepo. Nitasema tu kwamba mkate uliisha, mafuta ya taa yakaisha, kredi ya simu ikawa kama dhahabu, na majirani waliokuwa wakiombana chumvi wakaanza kuulizana majina ya pili, yale yanayotaja kabila. Sisi Wakamba tulikuwa kama popo. Ndege wanakuambia wewe ni mnyama, wanyama wanakuambia wewe ni ndege, na huku mlangoni kwako watu wanapita na mapanga.

Mlango unaotazamana na wangu ulikuwa wa Akinyi. Alikuwa msusi, kijana, Mjaluo mwenye mdomo mtamu, na tulikuwa tunakula sahani moja. Wakati huo alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza kufika huko, maana zilizotangulia zilikuwa zimeharibika zote. Mume wake, Ouma, fundi wa ujenzi, alikuwa mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Siku zile alipaza. Kaka yake alifukuzwa kutoka mtaa mwingine, vitu vyote vikachomwa, akafika kwa Ouma na shati moja. Tangu hapo Ouma alishinda barabarani na vijana, na akirudi macho yake yalikuwa mekundu.

Baada ya mwaka mpya kukaja utulivu kidogo, wa kupumulia tu. Nikavuka Ngong Road kwenda Kawangware, si kwa ushujaa. Niliogopa mapipa. Tuliyaacha yamejaa maji yenye asidi, na pipa likivuja hakuna wa kuzuia. Nilimkuta Wafula ameshafika kabla yangu. Nilimkuta pia Mzee Karanja ameketi kwenye kigogo na rungu mapajani, analia. Watu walikuwa wamevunja. Betri zilizofufuliwa zilikuwa zimekwenda, waya wa shaba umekwenda, hata mlango wa choo. Kufa kufaana. Mapipa hayakuguswa. Nikashukuru Mungu, nikaingia stoo. Magunia ya udongo ulioshiba hayakuwepo.

Wafula alisema labda walidhani ni unga, wakifungua watayatupa. Hata mimi nilitaka iwe hivyo. Nilirudi Kibera kabla jua halijashuka, nikipita mahali penye watu na kukwepa mahali penye kimya, nikajiambia nani atakula matope.

Akinyi alikuwa ameketi mlangoni kwake, miguu imevimba, anatafuna kitu. Mnajua tabia ya wanawake wenye mimba hapa kwetu: mawe. Odowa, kama anavyoyaita Akinyi. Vile vipande vya udongo wa kijivu vinavyouzwa kwenye meza za mboga, na mwenye mimba akivikosa anaweza kulamba ukuta. Mimi mwenyewe nilimbeba Mwende kwa mawe. Barabara zilikuwa zimefungwa, mawe hayakuwa yakifika tena kutoka mashambani, na Akinyi alikuwa amelalamika tangu Krismasi. Sasa alikuwa anacheka. Akaniambia yamepatikana Sarang'ombe, matamu, yana uchachu fulani, chukua uonje. Akanipa kimoja. Nikakigeuza. Upande wa chini kilikuwa na mawimbi.

Odowa halisi huvunjwa kutoka mwambani, haina mawimbi. Mawimbi ni ya mabati. Kile kipande nilikikata mimi, kwa waya wangu, juani, Gatina.

Nikafungua mdomo kusema, na kwenye kona ya macho nikamwona Ouma anakuja na wenzake, wanne au watano, mmoja ameshika rungu lenye misumari. Nikafunga mdomo. Mniwie radhi, mimi si mtu wa kufunga mdomo, mnanijua. Lakini siku hizo kulikuwa na neno nililoliogopa kuliko panga, nalo ni sumu. Kila siku kulikuwa na uvumi: ati maji yametiwa sumu, ati unga umetiwa sumu, ati wale wanataka kutumaliza. Sasa niseme mawe yana sumu, na sumu imetoka kwenye yadi ya Mkikuyu wa Kawangware? Mzee Karanja hangeona kesho. Wala Wafula. Na Wajaluo waliopanga nyumba kule Gatina wangelipiziwa kisasi. Neno moja tu, na mimi ndiye ningekuwa nimelisema.

Basi nikamwambia Akinyi kwamba mawe haya ni mabichi, hayajachomwa, yana mayai ya minyoo, yatampa mtoto minyoo kabla hajazaliwa. Niliyakusanya yaliyokuwa kwenye leso yake nikayatia mfukoni, naye akanung'unika kwamba siku hizi nimekuwa daktari. Nikamwapisha asiyale tena. Akasema sawa, Mama Mwende, sawa, kama mtu anavyomwambia mama mkwe.

Asubuhi iliyofuata nikaenda Sarang'ombe. Muuzaji alikuwa Mama Zena, Mnubi, mzaliwa wa Kibera hiyohiyo, ambaye meza yake ilikuwa na mkaa, limau na vikapu vya mawe. Nilimjua kwa mbali. Nyuma yake, chini ya turubai, nikaona magunia yangu. Nikangoja wateja wapungue, nikamwinamia na kumwambia kila kitu kwa sauti ya chini. Yametoka kwenye betri. Yakiingia tumboni yanaachia risasi. Kwa mkubwa ni shida, kwa mtoto aliye tumboni ni balaa, inaharibu ubongo. Mama Zena alinisikiliza huku anapanga limau zake, moja juu ya nyingine, na uso wake haukubadilika. Akasema vijana walimletea, yeye hakuuliza. Akasema pia kwamba akifunga meza leo ghafla, wataanza kuuliza sababu, na sababu ikitoka, yeye ndiye atakayechomwa wa kwanza kwa sababu mkono uliouza ni wake.

Alichokitaka kilikuwa cha maana: nimletee mawe mengine mazuri, ayaweke hapo hapo, biashara isikatike, na haya ayatoe kimya. Na wale aliowauzia tayari atawapitia mlango kwa mlango, awaambie aliwauzia mabaya, awabadilishie. Wengi anawajua, alisema, wenye mimba hawajifichi.

Mawe mazuri tulikuwa nayo. Udongo mbichi, ule wa kufinyangia, ulikuwa bado uko yadi, mabonge makavu ambayo hayajatwangwa, wezi hawakuuona wa maana. Si chakula, lakini hauna risasi, Wafula alikuwa ameupima mara nyingi kuliko alivyojipima shinikizo la damu. Nikavuka tena Ngong Road. Mzee Karanja aliposikia, uso ulimkauka. Alisema niyaache, nisiende kuyagusa, maana nikionekana nayarudisha watajua yametoka kwake. Tena, akatuuliza, si mlisema udongo unashika sumu? Wafula akamwambia unaishika mpaka tumboni, basi. Mzee akainuka, akafungua stoo ya udongo mbichi yeye mwenyewe, akatusaidia kupakia mkokoteni. Hilo nalisema kwa haki yake, kwa sababu mengine mengi niliyosema juu yake yalikuwa ya kumsengenya.

Wafula akashika mkokoteni mbele, mimi nikasukuma nyuma. Nilikuwa nimefunga kitambaa kichwani kama mwanamke wa sokoni, na Wafula alivaa koti lake la maabara, sijui kwa nini, akasema watu wanaheshimu koti jeupe. Lilikuwa limegeuka kijivu zamani sana. Karibu na kuingia Kibera vijana walikuwa wameweka mawe na matairi barabarani. Mmoja akamwuliza Wafula jina, akasema. Akaniuliza mimi, nikasema. Akanitazama muda mrefu. Mwenzake akachoma gunia kwa panga akitafuta unga, udongo ukamwagika miguuni pake. Akauokota, akaunusa.

"Buda, nchi inaungua, na nyinyi mnabeba matope?"

Wafula akamjibu kwa upole kwamba wanawake wenye mimba hawajui nchi inaungua. Wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichotupitisha.

Kwa Mama Zena tulianza vizuri. Tulipanga mabonge mapya mbele, Wafula akayavunja kwa nyundo ndogo, na mimi nikawa napakia yaliyoshiba kwenye mkokoteni, chini ya turubai. Tulikuwa karibu kumaliza niliposikia nyuma yangu mtu akiniita kwa jina. Ouma. Alikuwa na wenzake. Alikuwa ameona koti la Wafula, ameona mkokoteni, na mmoja wa wale vijana alimjua Wafula ni wa kwa Karanja, kule kwa betri.

Ouma aliuliza kwa nini tunayachukua mawe. Mama Zena akasema ni bidhaa mbaya, amezirudisha. Ouma hakumtazama. Alinitazama mimi. Watu walianza kusimama, mmoja, wengine, mpaka limau za Mama Zena zikawa hazionekani.

"Mke wangu amekula haya," alisema. "Wewe ulimnyang'anya jana. Niambie, Mama Mwende. Ni sumu?"

Mimi nimekaa mbele ya asidi miaka mingi, sijawahi kuogopa hivyo. Niliona rungu lenye misumari. Niliona Wafula amesimama na nyundo yake ndogo, miwani imeteleza puani. Nikajua nikisita tu, nikimeza mate tu, kumekwisha. Nikaingiza mkono kwenye gunia nikatoa kipande. Kilikuwa na mawimbi. Nikakitia mdomoni, nikakitafuna mbele ya macho yake, polepole, mpaka kikawa uji, nikameza. Kilikuwa na uchachu, kama Akinyi alivyosema.

"Ni mabichi tu," nikamwambia. "Yana minyoo. Sumu ningekula mimi?"

Ouma alinitazama koo. Alikuwa anangoja nianguke. Nikachukua kingine nikakitia mdomoni, nikaanza kutafuna, na Mungu ananijua, macho yangu hayakuondoka kwake. Mwishowe akasema twende, kwa sauti ya chini, na wenzake wakamfuata. Mmoja wao aliomba limau, Mama Zena akampa. Limau ikaanguka kabla haijamfikia, kijana akaiokota mwenyewe, akasema asante.

Tulisukuma mkokoteni mpaka tulipovuka barabara. Hapo ndipo Wafula alipopiga magoti kando ya mtaro, akanishika kichwa kama mtoto, akaniingiza vidole kooni. Tumbo lilipokuwa tupu akanitafutia maziwa, sijui aliyapata wapi siku ile, akasimama juu yangu mpaka nikayamaliza. Kisha akaanza kunigombeza. Alinigombeza kwa Kiluhya, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza cha maabara. Kati ya maneno hayo nikaona analia, nami nikalia. Tulikuwa watu wazima wawili kando ya mtaro na mkokoteni wa matope.

Mama Zena alitimiza ahadi yake. Alipita mlango kwa mlango. Kipande ambacho hakukipata hakukipata, hakuna aliyejua ni vingapi. Yadi ilipofunguliwa tena, kitu cha kwanza Mzee Karanja alichonunua, kabla hata ya mlango wa choo, kilikuwa ile rangi ya bluu. Ndiyo rangi mnayotia kwenye udongo ulioshiba, inayowachafua mikono mpaka wasichana wanawakataa, na mnanung'unika kwamba Mama Mwende aliileta kwa ukorofi. Hakuna mtu atakayekula jiwe la bluu. Msiiache. Hata saruji ikiwa mlangoni, hata mkifunga kwa siku moja, tieni rangi kwanza.

Nilimwambia Akinyi ukweli wakati wakubwa wa siasa waliposhikana mikono kwenye televisheni, na Ouma alikuwa amerudi kwenye kazi ya ujenzi. Nilimwambia kwake, mlango umefungwa. Alikuwa karibu kujifungua. Nilimweleza betri, udongo, asidi, yadi, kila kitu, na kwa nini nilimdanganya. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na Akinyi si mtu wa kutokatiza.

"Ungeniambia siku ile," alisema, "Ouma angekwenda Gatina."

Nikamwambia najua.

"Na ungeniambia siku ile, yale niliyoyaficha chini ya mto wa kulalia nisingeyala."

Sikujua kwamba alikuwa ameyaficha. Alisema hakuamini habari ya minyoo, nani anaamini habari ya minyoo, akawa anakula kimoja kimoja kila asubuhi mpaka yakaisha. Nilimpeleka hospitali. Walisema kipimo cha risasi kwenye damu hawana, wakamwambia anywe maziwa, ale mboga, arudi uchungu ukianza.

Alizaa msichana, akamwita Achieng. Alilia vizuri, akanyonya vizuri. Alichelewa kusema, tukangoja, kila mmoja mlangoni kwake, bila kuambiana tunangoja nini, mpaka akasema. Sasa hanyamazi. Ni mrefu, anacheka sana, anaimba kanisani, na hesabu zinamshinda. Watoto wengi zinawashinda, hata Mwende wangu zilimshinda. Huenda ni mwalimu. Huenda ni njaa ya mwaka ule. Nimeyafikiria mara nyingi kuliko ninavyoweza kuwaambia, na kila mara nafika palepale: sikukosea. Mzee Karanja alikufa uzeeni, kitandani kwake. Ouma hana damu mikononi. Sikukosea.

Lakini jioni Achieng huja kwangu na daftari, kwa kuwa ana imani kwamba mtu aliyepima asidi anajua hesabu. Tunaketi mlangoni kwangu. Mama yake anakuwa kwake, anamsuka mtu, mlango wazi. Msichana anahesabu kwa sauti, anafika mahali, anasita, anakosea. Na Akinyi anainua macho kutoka kwenye kichwa cha mteja, ananitazama, kisha anaendelea kusuka.